Karatasi Zote Mbili Zimesoma AS: Namna ya Kuamua Kuzaa, Kutozaa au Kuishia Hapo

Mwongozo huu ni wa wachumba na wanandoa waliopima wakakuta wote wawili ni AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha siko seli, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ingawa yeye mwenyewe haumwi. Mara nyingi majibu hayo hutolewa dirishani, nyuma kuna foleni, na nasaha nzima huwa sentensi moja: "Mjiangalie mkitaka kuzaa." Mjiangalieje? Hapo ndipo watu huachwa.

Niseme mapema ninaposimama. Watu wawili wenye AS wakizaa, sioni kwamba wamemdhulumu mtoto. Wakiamua kutozaa, sioni kwamba wamemkosea Mungu wala ukoo. Ninachokiona kuwa kosa ni kushika mimba mkiwa mnajua, huku hamjawahi kukaa chini mkakubaliana nani atakesha na mtoto huyo akiumwa.

Hatua ya 1: Hakikisheni karatasi zenyewe

Kuna mtu atakwambia, "Mimi ni O chanya, sina shida." Amechanganya. A, B, AB na O ni makundi ya damu, yanahitajika mtu akiongezewa damu. AA, AS na SS ni aina ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na ndiyo inayozungumzwa hapa: AA hana kinasaba cha siko seli, AS anacho kimoja, SS anavyo viwili na ndiye mgonjwa. Mtu wa kundi lolote la damu anaweza kuwa AS.

Angalieni pia mlipimwa kwa njia gani. Kipimo cha zamani cha kutazama kama seli zinajikunja humwonyesha mwenye kinasaba, lakini hakitofautishi AS na SS. Kinachotoa jibu ni elektroforesi ya hemoglobini, au mashine inayoitwa HPLC, au vile vipimo vipya vya haraka vinavyoandika wazi AA, AS au SS. Kama mmoja wenu aliongezewa damu ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita, majibu yanaweza kuwa ya damu ya mchangiaji. Subirini, mrudie.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo" si kipimo. Kinasaba kinaweza kupita kwa babu, baba na mjukuu bila mgonjwa hata mmoja, kwa sababu AS akioana na AA hazai SS. Na katika koo nyingi wapo watoto waliokufa wadogo ikasemwa ni upungufu wa damu, bandama au mkono wa mtu, na hakuna aliyepima. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na ni haba milimani. Uganda walipopima sampuli za watoto nchi nzima, waliobeba AS walikuwa asilimia 13.3. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye siko seli kila mwaka. Kwa hiyo hamna haja ya kumtafuta mchawi wala kuulizana nani kaileta.

Familia za pwani zenye asili ya Uarabuni au Bara Hindi ziulizie pia talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, kwa kuwa AS akikutana na mbeba talasemia ya beta wanaweza kuzaa mtoto mwenye ugonjwa unaofanana na siko seli. Na pale binamu wanapooana, uwezekano wa wote wawili kubeba kinasaba kimoja huwa mkubwa kuliko kwa watu baki.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu, kisha muipige tena kwa idadi ya watoto mnaowataka

AS kwa AS: katika kila mimba kuna robo ya kupata SS, nusu ya kupata AS, robo ya kupata AA. Mmoja wenu akiwa SS na mwingine AS, uwezekano wa SS unakuwa nusu. Na kama mwenye SS ni mke, kuna swali la pili la usalama wake mwenyewe akiwa mjamzito, ambalo linahitaji daktari bingwa kabla ya mimba. Mmoja wenu akiwa AA, na si mbeba talasemia, hamwezi kuzaa SS, na mnaweza kuacha kusoma.

Robo husikika ndogo, na watu hudanganyika kwa njia mbili. Wengine hudhani wakishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima, kana kwamba robo imeshalipwa. Sivyo. Kila mimba ni kurusha kete upya, na kete haikumbuki ilichotoa jana. Wengine huhesabu mimba moja tu, ilhali moyoni wanataka watoto wanne. Uwezekano kwamba hamtapata SS hata mmoja ni 75 kwa 100 mkizaa mtoto mmoja, 56 mkizaa wawili, 42 mkizaa watatu, na takribani 32 mkizaa wanne. Maana yake wanandoa wa AS wanaotaka watoto wanne, uwezekano mkubwa ni kwamba watauguza angalau mmoja.

Kwa hiyo swali la "tuzae au tusizae" limekaa vibaya. Ulizaneni: tuzae wangapi, na tukimpata SS wa kwanza tunaishia hapo au tunaendelea? Watu wawili wanaweza kukubali hatari ya mtoto mmoja wakaikataa ya wanne, na wasiwe wanajipinga.

Hatua ya 3: Mfahamuni mtoto mnayemzungumzia

Msiamue kwa picha ya mtoto aliyelala wodini peke yake, wala kwa picha ya wakili au mwalimu mwenye siko seli mliyemwona kwenye televisheni. Wote wawili wapo.

Mtoto wa SS kwa kawaida huzaliwa mzima. Hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama humlinda miezi ya mwanzo, dalili huanza inapopungua, mara nyingi baada ya nusu mwaka: vidole vya mikono na miguu kuvimba, macho kuwa ya manjano, damu kushuka. Baadaye huja vipindi vya maumivu makali ya mifupa ambavyo paracetamol haivigusi. Kuna hatari ya maambukizi makali, hasa kabla ya miaka mitano, na wapo wanaopata kiharusi wangali watoto. Malaria, ambayo mwenye AS ana kinga nayo kiasi, kwa SS inaweza kuwa ya kuua.

Upande wa pili: penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo ya nimonia, asidi ya foliki, chandarua na maji ya kunywa ya kutosha vimebadilisha maisha ya watoto wengi. Kisha kuna haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Mtoto wa SS wa leo aliyegunduliwa mapema na kufuatiliwa si yule wa miaka ya themanini.

Nendeni kliniki ya siko seli ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi, muombe kuzungumza na mzazi mmoja, na kama inawezekana na mtu mzima anayeishi na ugonjwa huu. Msiulize, "Unajuta kuzaliwa?" Ni swali la ukatili. Ulizeni nini kilimsaidia nyumbani, nini kilikosekana, na shuleni ilikuwaje.

Hatua ya 4: Hesabuni mlicho nacho

Hapa nataka kalamu na daftari. Kutoka mnapoishi hadi mahali penye damu ya kuongezea ni muda gani, usiku, mvua ikinyesha? Haidroksiyurea inapatikana hapo, na bima yenu inailipia au mtainunua mfukoni? Mtoto akilazwa wiki moja, nani analala naye chini ya kitanda?

Swali hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Jibu lililozoeleka ni "mama yake", na halitamkwi, linadhaniwa tu. Mama ndiye huacha genge au kupoteza kibarua, ndiye huambiwa na mawifi kwamba tumbo lake lina mkosi. Wapo akina baba waliokesha miaka, nawaheshimu. Wapo pia waliohama nyumba mtoto alipofika miaka miwili. Kwa hiyo mume aandike kwa mkono wake atakachofanya: siku zipi, fedha kiasi gani, kazi gani ataikataa. Akisita kuandika, mmeshapata sehemu ya jibu.

Ukosefu wa fedha peke yake sitaki uwe hukumu. Tukisema maskini wenye AS wasizae, tumegeuza upungufu wa dawa kituoni kuwa dhambi ya wazazi. Lakini kati ya mtoto na dawa kuna kilomita ambazo hoja nzuri haizifupishi.

Hatua ya 5: Zipimeni hoja mtakazosikia

*"Kila mtoto huja na sahani yake."* Anayesema hivi mara nyingi anawapenda. Mjibuni kwa ombi. Kama mmeridhia kumweleza hali yenu, mwambieni: shangazi, mtoto akihitaji damu utachangia au utatafuta wachangiaji? Utakaa naye wodini siku mbili nikienda kazini? Akikubali, mmepata mtu wa kumwandika kwenye daftari. Akinyamaza, hoja yake mnayo, msaada wake hamna.

*"Mtoto hakuomba kuzaliwa, kumzaa SS mkijua ni kumdhulumu."* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inahitaji kufikiriwa polepole. Ukimdhulumu mtu, kwa kawaida umemwacha katika hali mbaya kuliko ambayo angekuwa nayo. Mtoto yule wa SS hakuwa na nafasi ya kuzaliwa akiwa AA. Mimba nyingine ingekuwa mtoto mwingine. Kwake yeye ilikuwa maisha hayo au kutokuwepo. Na ukizungumza na watu wazima wenye siko seli utakuta wanaolalamikia maumivu, ubaguzi na dawa zilizokwisha, huku wakiyashikilia maisha yao kama mimi na wewe. Ndiyo maana siwezi kusema mzazi wake amemdhulumu kwa kumzaa tu.

Lakini msiifanye hoja hiyo kuwa kichaka cha kujifichia. Mzazi aliyejua ana deni ambalo asiyejua hana. Alijua, basi hana udhuru wa kumpima mtoto akiwa na miaka mitatu badala ya siku tatu. Alijua, basi maneno "tulikuwa hatuna habari" hayamo kinywani mwake. Kwangu dhuluma inaanzia hapo.

*"Mkikataa kuzaa mnasema wagonjwa wa siko seli wasingezaliwa."* Wapo wagonjwa wanaoumia kweli kusikia mazungumzo haya, na wana haki. Chungeni ndimi zenu mbele yao. Hata hivyo kukiri kwamba sisi wawili hatuwezi kuubeba uangalizi huu hakumshushi thamani mtu aliyekwisha kuwepo. Anayesema hawezi anajizungumzia mwenyewe.

*"Nani atawazika?"* Mtoto anayezaliwa ili awe mtumishi wa uzee wetu amepewa kazi kabla ya jina. Hofu yenyewe ni ya kweli kwenye nchi ambazo pensheni ni ya wachache, lakini mtoto wa SS anaweza kuhitaji kutunzwa nanyi wakati mlipodhani angeanza kuwatunza.

*"Aoe mwingine aliye AA."* Mama mkwe hulileta hili kama hesabu. Kinasaba kimoja kimetoka kwa mwanawe, kimoja kwa mkwewe, sawa kwa sawa. Wachumba wanaweza kuachana kwa sababu hii bila lawama, wakiambiana mapema. Kumwacha mke baada ya mtoto mgonjwa kuzaliwa ni kumwachia mzigo wa wawili.

*"Zaeni mwingine amponye kaka yake."* Uboho wa ndugu wa baba na mama mmoja unaweza kutumika kupandikiza, na matibabu hayo yameponya watoto. Lakini ndugu hulingana kwa wastani mara moja katika nne, na wa kwenu lazima pia asiwe SS. Ukizidisha robo hiyo kwa robo tatu unapata kama 19 kwa 100. Upande wa pili, uwezekano wa kumpata SS wa pili ni 25. Kama mngemtaka mtoto huyo hata asingelingana, endeleeni. Kama mngevunjika moyo kumwona hafai, msimzae kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Jueni milango ipi iko wazi kweli

Watu hupanga kwa kutegemea mlango wasiowahi kuusukuma. "Tutapima mimba mapema, tukiona SS tutaitoa." Kupima kichanga tumboni kunawezekana kitaalamu, kwa kuchukua kipande cha kondo kati ya wiki ya 10 na ya 13, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, na hospitali zinazofanya hivyo kwetu ni chache. Kubwa zaidi ni sheria. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Ugonjwa wa mtoto haumo. Kenya, ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inazungumzia dharura na hatari kwa maisha au afya ya mama. Kwa hiyo kwa wengi wetu kipimo hicho ni cha kujiandaa, na kama hamtaki kujiandaa kwa njia hiyo, si lazima mkifanye.

Kupandikiza mimba na kuchagua kiinitete kisicho SS kupo pia, kwa wenye uwezo wa kusafiri na fedha nyingi. Kanisa Katoliki linakataa njia hiyo na utoaji mimba pia. Katika fikihi ya Kiislamu kuna mjadala mpana kuhusu kutoa mimba kabla ya siku 120 kwa sababu ya ugonjwa mkali, na kama siko seli inafikia ukali huo ni swali ambalo wanazuoni hawakubaliani. Mwendeeni padri, mchungaji au sheikh mnayemwamini, lakini mpelekeeni mambo mliyoyapata hatua ya 3 na ya 4, maana naye anaweza kuwa anaijua siko seli ya zamani tu.

Kulea mtoto asiye wa damu yenu: Tanzania Bara utaratibu uko katika Sheria ya Mtoto ya 2009, unaanzia kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na uamuzi ni wa mahakama. Waislamu wana kafala, ambayo humpa mtoto malezi bila kumbadilishia nasaba. Msimchukue mtoto kwa makubaliano ya mdomo sebuleni. Na mwambieni tangu mdogo.

Kutozaa kabisa ni mlango pia. Haulipiwi ada, ila unalipiwa kila sikukuu familia ikikutana.

Kwa wachumba nina neno la ziada. Saudi Arabia iliufanya upimaji kabla ya ndoa kuwa wa lazima mwaka 2004, lakini wenye majibu yasiyopatana bado waliruhusiwa kuoana. Serikali ilitaka wajue, uamuzi ikawaachia. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa kati yenu. Mwenye karatasi ya AS ana wajibu wa kumwambia mchumba wake kabla ya mahari kupokelewa, si baada ya fungate. Mshenga na wajomba hawana haki hiyo. Wataambiwa mkitaka nyinyi.

Hatua ya 7: Kaeni, mseme, mwandike

Chagueni siku ambayo hakuna mgeni. Kila mmoja aandike jibu lake peke yake kabla hamjasomeana, la sivyo mwenye sauti kubwa atakuwa ameamua. Jibu liwe na sehemu tatu: wangapi, tutafanya nini tukimpata SS, na lini tutaongea tena.

Mkitofautiana, mmoja anataka na mwingine hataki, naona anayesema "bado" ndiye wa kusikilizwa kwa wakati huo, kwa kuwa kusubiri kunaweza kubadilishwa na mtoto aliyezaliwa harudishwi. Ila "bado" iwe na tarehe. Kumzungusha mke miaka sita hadi umri umpite ni kuamua kwa niaba yake kimyakimya, na kuacha vidonge kwa siri ni hivyohivyo upande wa pili. Mpaka mtakapokubaliana, tumieni njia ya uzazi wa mpango ambayo wote mnaijua inaisha lini.

Kisha kubalianeni sentensi moja ya kuwaambia watu. "Tumelizungumza, tumeridhika" inatosha. Akiulizwa mmoja, asimtupie mwenzake.

Hatua ya 8: Kama mimba imeshika, kwa mpango au bila mpango

Maswali ya nyuma yamekwisha. Sasa kuna mtoto anayekuja. Mwambieni mkunga kwenye hudhurio la kwanza kwamba wote wawili ni AS na mhakikishe imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ulizeni mapema ni wapi mtoto mchanga hupimwa hemoglobini, maana si kila kituo kinapima. Apimwe siku za mwanzo, msingoje dalili. Akiwa SS, penisilini ianze anapofikia miezi miwili au mitatu, chanjo zisikose hata moja, na muulize kuhusu haidroksiyurea kabla hajatimiza mwaka. Mfundishwe kupapasa bandama, kutambua weupe wa viganja, na kwamba homa kwa mtoto huyu ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama jirani anasema ni meno.